Mjadala wa lugha ya kufundishia: tunajibizana yasiyosemwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nieleze jambo linalonisumbua kuhusu namna tunavyojadili lugha ya kufundishia katika shule za sekondari hapa Tanzania. Sikusudii kurudia hoja za kila upande, kwa kuwa wasomaji wako wamezisoma mara nyingi, na tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ilipozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025 na kukiacha Kiingereza mahali pake katika sekondari, hoja hizo zimerudi kwa nguvu mpya na kwa maneno yale yale. Kinachoniumiza ni kuona watu wenye elimu, wanaoitakia nchi hii mema, wakibishana kwa zaidi ya miaka 40 bila kukubaliana hata juu ya kile wanachobishania.

Ni haki msomaji ajue mapema nimesimama wapi. Nimefundisha biolojia katika sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na naamini Kiswahili kinafaa kufundishia kuanzia kidato cha kwanza hadi chuo kikuu. Nalisema hili ili maneno yangu yapimwe kwa tahadhari inayostahili, kwa sababu mwamba ngoma huvutia kwake, nami siwezi kudai kwamba mkono wangu hauvuti. Hata hivyo, mengi nitakayoyalaumu hapa yanafanywa na wenzangu wa upande wa Kiswahili, kwa kuwa hao ndio ninaowasikia kwa karibu zaidi na ndio ninaotamani wasikilizwe.

Chanzo kikubwa cha kutoelewana ni kwamba maswali mawili yanajadiliwa kana kwamba ni moja. Swali moja linauliza kama kijana wa Kitanzania anahitaji kukijua Kiingereza vizuri. Jingine linauliza kama anapaswa kujifunza fizikia, jiografia na historia kwa Kiingereza. Mtu anaweza kujibu ndiyo kwa lile la kwanza na hapana kwa hili la pili bila kujipinga hata kidogo, na hivyo ndivyo wanavyoeleza kwa miaka mingi baadhi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Martha Qorro, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha Kiingereza chenyewe. Lakini msemaji akitamka tu kwamba tufundishe kwa Kiswahili, msikilizaji husikia kwamba Kiingereza kifutwe, na kuanzia hapo hujibu alichosikia. Naye anayesema Kiingereza kiendelee husikika kama mtu anayekidharau Kiswahili, ingawa huenda anachoogopa ni kwamba Serikali itabadili lugha kabla ya kuandaa vitabu na walimu. Pande zote mbili huondoka zikiwa zimeshinda hoja ambayo hakuna aliyeitoa.

Niliwahi kuhudhuria mdahalo mmoja hapa Morogoro ambako mtoa mada, mhadhiri aliyejiandaa vizuri, alieleza kwa ufasaha kwa nini Kiswahili kinafaa. Ulipofika wakati wa maswali, mama mmoja aliyekaa safu za nyuma akasimama, mkoba wake ameukumbatia kifuani, akasema: “Mwalimu, nakushukuru. Mimi ni mama ntilie. Mwanangu akienda kutafuta kazi hoteli ya watalii kule Zanzibar, ataongea nao kwa lugha gani?” Watu wakapiga makofi. Mhadhiri akajibu kwamba hayo ni mawazo tuliyorithishwa na wakoloni, na nusu nyingine ya ukumbi ikapiga makofi kwa zamu yake. Mama yule akakaa. Sikumwona akinyoosha mkono tena, wala hakuna aliyerudi kwenye swali lake, ambalo lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Lilikuwa na jibu la kweli, tena jibu ambalo lingemsaidia mtoa mada mwenyewe: kwamba kijana huyo ataongea Kiingereza, kwamba anastahili kukijua kuliko anavyokijua sasa akimaliza kidato cha nne, na kwamba tunapaswa kuchunguza pamoja kama kukaririshwa sheria za Newton kwa lugha asiyoielewa ndiko kunakompatia Kiingereza cha kuzungumza na mgeni. Mama alieleza mahitaji ya mwanawe, akajibiwa kuhusu ukoloni. Sisi tulio upande wa Kiswahili tunapoteza watu wengi kwa namna hii, kisha tunashangaa kwamba wazazi hawatuungi mkono.

Ukisoma historia ya mjadala huu utaona jambo jingine, ambalo kwangu mimi ni zito zaidi kuliko hilo la kusikia vibaya. Karibu kila ushahidi mkubwa tulio nao umekatwa vipande viwili, kila upande ukabeba kipande chake. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilitoa ripoti yake mwaka 1982 na kupendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985, jambo ambalo Serikali haikulitekeleza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule na vyuo vyetu, wakakuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakijui kwa kiwango cha kuwawezesha kujifunza masomo mengine. Pamoja na hayo, walipendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia, mradi juhudi kubwa ziwekwe katika kukiimarisha. Tangu siku hizo, watetezi wa Kiswahili wananukuu waliyoyakuta, watetezi wa Kiingereza wananukuu waliyoyapendekeza, na ni nadra sana kusoma makala inayoweka mambo hayo mawili kwenye ukurasa mmoja na kuuliza ni vipi ripoti yenye matokeo ya namna ile ilifikia pendekezo la namna ile. Hilo ndilo swali ambalo lingetusogeza mbele.

Mwalimu Nyerere naye amegawanywa vivyo hivyo. Upande mmoja unakumbusha kwamba katika miaka ya 1980 alisema Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, na kwa kauli hiyo unaufunga mjadala. Upande wa pili unakumbusha kwamba yeye mwenyewe alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, moja ikatoka mwaka 1963 na nyingine mwaka 1969, na kwamba ni chini ya uongozi wake, mwaka 1967, Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Yote hayo ni kweli, na yote ni ya mtu mmoja. Anayemnukuu nusu hana haja ya kujua Nyerere aliamini nini. Anahitaji tu jina kubwa la kusimama nyuma ya imani aliyokuja nayo.

Hata sera zetu tunazisoma hivyo. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilisema utaandaliwa mpango wa kuwezesha Kiswahili kutumika kufundishia katika ngazi zote, ilhali Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilikuwa imekibakiza Kiingereza katika sekondari. Sera ya 2014 ilikuwa na tamko kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote za elimu, na tamko lililofuata likasema Serikali itaendelea kuimarisha matumizi ya Kiingereza katika kufundishia. Nakumbuka jinsi magazeti yalivyoandika baada ya uzinduzi wake mwaka 2015, mengine yakishangilia kwamba Kiswahili kimeshinda, na jinsi mabishano yalivyoendelea miezi mingi kati ya watu waliosoma aya ya juu na watu waliosoma aya ya chini. Mgongano ule ulikuwa wa waandishi wa sera, na ulipaswa kuelekezwa kwao kwa swali moja la wazi kuhusu walichokusudia. Badala yake tuliubeba sisi, tukaugeuza kuwa ugomvi wetu.

Mifano ya nje hutumika kwa njia hiyo hiyo. Anayetaka Kiswahili hutaja Japani, China na Ufini. Anayetaka Kiingereza hutaja Singapore, na siku hizi Rwanda, iliyoamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa na kufundishia kwa Kiingereza. Malaysia ndiyo inayonifundisha zaidi kuliko hizo zote, kwa sababu inaweza kutumiwa na yeyote kulingana na mwaka anaoamua kusimamia. Mwaka 2003 nchi hiyo ilianza kufundisha hisabati na sayansi kwa Kiingereza, na mwaka 2009 Serikali yake ikatangaza kuuacha utaratibu huo hatua kwa hatua. Nimewahi kusoma mtu akitaja uamuzi wa 2003 kama uthibitisho kwamba nchi zinazoendelea haraka zimekiona Kiingereza kuwa njia ya sayansi, bila neno moja kuhusu yaliyofuata. Mtu huyo huenda hakudanganya. Alitafuta mfano wa kumuunga mkono, akaupata, akaacha kutafuta.

Tabia hiyo imechunguzwa. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason wa London alichapisha jaribio rahisi sana. Aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu namba tatu, 2, 4 na 6, akawaambia kwamba zinafuata kanuni fulani anayoijua yeye, na kwamba wanaweza kuitafuta kwa kumtajia namba nyingine tatu tatu, naye atawaambia kama zinaifuata au la. Wengi walitaja 8, 10, 12 au 20, 22, 24, wakaambiwa kila mara kwamba zinaifuata, na wakatangaza kwa uhakika kwamba kanuni ni kuongeza mbili. Kumbe kanuni ilikuwa tu kwamba kila namba iwe kubwa kuliko iliyotangulia. Hata 1, 7, 300 zingekubaliwa. Ili kuijua, mtu alihitaji kutaja namba alizotarajia zikataliwe, jambo ambalo wengi hawakulifanya kabla ya kutangaza jibu. Hawa hawakuwa wajinga, wala hawakuwa na masilahi yoyote katika namba zile. Sasa fikiria sisi, ambao suala hili limegusa utoto wetu, kazi zetu, watoto wetu na heshima ya taifa letu, tutavutwa kiasi gani.

Mfano wa nyumbani ni matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, yaliyotangazwa mwezi Februari 2013, ambapo takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Kila mtu aliyaona matokeo yale kuwa ushahidi wa jambo aliloliamini tangu zamani. Wa lugha alisema ni lugha. Wa masilahi ya walimu alisema ni mishahara na nyumba za walimu. Wengine walisema shule za kata zilijengwa haraka bila maabara wala vitabu, na wengine wakaulaumu mfumo wa upangaji wa alama, hadi Serikali ikaamua matokeo yafutwe na kupangwa upya. Inawezekana kabisa kwamba wote walikuwa na sehemu ya ukweli. Lakini sikusikia mtu wa upande wangu akiuliza swali gumu: kama lugha ndiyo sababu kuu, kwa nini matokeo yaliporomoka kiasi kile katika mwaka ule, ilhali lugha ya mtihani ilikuwa ile ile miaka yote iliyotangulia? Swali hilo haliui hoja ya Kiswahili. Linatulazimisha kuitofautisha hali ya siku zote na tukio la mwaka mmoja, na hoja yetu ingetoka hapo ikiwa imara zaidi.

Niseme sasa juu ya watu wasiokuwepo kwenye mjadala, maana nadhani hapo ndipo upendeleo wetu unapojificha bila sisi kuutambua. Karibu kila anayeandika gazetini, anayealikwa redioni au anayeketi meza ya mbele kwenye makongamano, amesoma sekondari na chuo kwa Kiingereza na akafaulu. Kwa hiyo sentensi inayosikika mara nyingi kuliko zote ni ile ya “mimi nilisoma kwa Kiingereza, shule ya kijijini, na nikafika hapa.” Ni sentensi ya kweli, na anayeisema ana haki ya kujivunia bidii yake. Lakini kijana aliyeishia njiani kidato cha pili, ambaye leo anaendesha bodaboda au analima bustani bondeni, hakualikwa kusema kilichomtokea. Tukiwasikiliza waliovuka tu, tutahitimisha kwamba mto hauna kina.

Nimemwona kijana huyo darasani, na si mmoja. Ni wiki za mwanzo za kidato cha kwanza. Ametoka shule ya msingi ambako alisoma sayansi kwa Kiswahili, na anajua mizizi inafanya nini, moyo unafanya nini, kwa nini majani ni ya kijani. Mwalimu anaandika ubaoni maelezo kwa Kiingereza, kijana anayanakili kwa mwandiko mzuri, herufi kwa herufi, pamoja na makosa ya mwalimu. Swali likiulizwa kwa Kiingereza, darasa zima linatazama madawati. Mwalimu anageuka kuhakikisha mkuu wa shule hapiti barazani, anarudia swali lile lile kwa Kiswahili, na mikono inanyooka hadi ya wanaokaa dirishani. Kisha jibu zuri la mtoto linatafsiriwa na mwalimu, linaandikwa ubaoni kwa Kiingereza, na mtoto analinakili jibu lake mwenyewe bila kulitambua. Walimu wa sekondari za kata wanaijua hali hii vizuri kuliko mhadhiri yeyote, lakini wengi hawawezi kuieleza hadharani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kukiri kwamba wanavunja utaratibu uliowekwa. Hivyo mjadala wa taifa unaendeshwa bila sauti ya aliyeshindwa na bila sauti ya anayemfundisha.

Kuna silaha moja inayotumika na pande zote, nayo ni kuuliza watoto wa msemaji wanasoma wapi. Msomi akitetea Kiswahili anaulizwa kwa nini wanawe wako katika shule za mchepuo wa Kiingereza, huku watoto wa wenzake wakiachwa kwa Kayumba, yaani katika shule za kawaida za Serikali. Naelewa uchungu ulio ndani ya swali hilo, na kiongozi anayepanga sera kwa watoto wa wengine anastahili kuulizwa. Lakini tutazame swali lenyewe linathibitisha nini. Mzazi anachagua shule ndani ya mfumo uliopo leo, ambamo mtihani wa kidato cha nne uko kwa Kiingereza. Akimwandaa mwanawe kwa mtihani huo huku akiamini kwamba ungepaswa kuwa kwa lugha nyingine, hajajipinga. Kinyume chake pia ni kweli: mtu anayetetea Kiingereza na ambaye watoto wake walinufaika nacho hawi mwongo kwa sababu hiyo, wala haifai kumwambia kwamba anawalindia wanawe nafasi za kazi. Nia ya mtu hatuwezi kuiona wala kuipima. Tukianza nayo, tunajipa ruhusa ya kutosoma sehemu iliyobaki ya makala yake, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu tunaanza nayo.

Kuhusu istilahi nitasema kwa ufupi. Anayedai Kiswahili hakina maneno ya sayansi huonyeshwa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, na mwenye kuionyesha huona amemaliza kazi. Lakini ukimsikiliza vizuri mwalimu wa kemia anayelalamika, utakuta mara nyingi hadai kwamba maneno hayajaundwa. Anasema hajawahi kuyafundishwa chuoni, hana kitabu cha kiada kinachoyatumia, na hajui kama mtungaji wa mtihani atayatambua. Hilo ni suala la fedha, uchapaji na mafunzo ya walimu, na linahitaji bajeti.

Mhariri, gazeti lako lina uwezo wa kufanya jambo ambalo makongamano yetu yameshindwa kulifanya. Naomba kwanza neno “dhidi” liondoke kwenye vichwa vya habari za suala hili, kwa sababu linamwingiza msomaji kwenye ugomvi kabla hajasoma mstari wa kwanza. Naomba pia kila anayeleta makala kuhusu lugha ya kufundishia atakiwe kueleza katika aya zake za mwanzo anajibu swali lipi kati ya yale mawili, na aieleze hoja kubwa ya wasiokubaliana naye kwa namna ambayo wao wenyewe wangekubali kwamba ndivyo wanavyosema. Makala isiyoweza kufanya hivyo irudishwe kwa mwandishi, hata kama ni ya upande wangu.

Na kidato cha kwanza kitakapoanza tena mwezi Januari, naomba utafute watu wawili, mmoja anayetetea Kiswahili na mwingine anayetetea Kiingereza, ukawaombee kibali cha kukaa nyuma ya darasa moja la shule ya kata kwa wiki nzima, katika masomo yote. Kila mmoja aandike si kile kilichomthibitishia msimamo wake, bali kile alichokiona ambacho hakukitarajia na ambacho msimamo wake haukielezi. Makala hizo mbili zichapwe siku moja, zikikaa bega kwa bega, na chini yake wapewe nafasi mwalimu wa darasa hilo, bila kutajwa jina lake wala la shule yake, na kijana mmoja wa kata hiyo aliyeishia kidato cha pili. Wako walimu wenzangu wa zamani katika wilaya mbili za mkoa huu ambao wangekubali kusaidia kuipata shule, na niko tayari kuwaunganisha na mwandishi wako wakati wowote.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa sekondari,
Morogoro